Ndoo

Duka letu la chapa liko Langoni,
kati ya fundi cherehani na muuza simsim:
kompyuta moja, printa yenye kikohozi,
feni inayozunguka ikitaka.
Watu huniletea maneno, mimi huyanyoosha,
maana karani wa ofisi ya maji
amesharudisha barua tatu za Kiamu
kwa wino mwekundu: *Andika Kiswahili.*
Kana kwamba tulikuwa tukibweka.

Basi nikaandika programu, mistari kumi na mmoja,
usiku, umeme ulipokuwa na huruma.
Nikishanakili, kabla sijabandika,
hushuka hadi kwenye ubao wa kunakili,
mahali pasipo dirisha,
neno limetoka huku na halijafika kule,
kama mgeni kwenye daka, viatu mkononi,
ikalivua nguo ya nyumbani, ikalivika ya ofisi.
Mato, macho. Nti, nchi.
Ndia, njia. Kitwa, kichwa.

Siku ya kwanza nilijiona sultani.
Siku ya pili akaja Mwalimu Famau
na karatasi yake, akaisoma kwa sauti:
"Machokeo ya Mtihani, Darasa la Saba."
Akasema, "Si uwongo, wamechoka.
Lakini nirudishie matokeo yangu."
Hesabu za harusi ya jirani zikawa na senchi hamsini.
Na Bwana Kitwana Lali, mtu wa watu,
alitoka kwangu na hati ya kiwanja
akiwa Kichwana.
Alirudi. Sitaandika hapa alichosema,
na programu yangu haina kanuni ya kukisafisha.

Tatizo lilikuwa kuta.
Sikuiambia mashine kwamba neno ni nyumba,
kwamba mato aliyepanga chumba ndani ya matokeo
si yule mato mwenye nyumba yake.
Nikaweka alama ya mpaka, mbele na nyuma,
nyembamba kama kichochoro cha Mkomani
ambamo punda wawili hawapishani.
Kitwana akawa Kitwana. Senti zikatulia.
Nikanywa kahawa ya tangawizi, nikazidisha:
mtele, mchele. Ndaa, njaa.
Ndoo, njoo.
Hapo ndipo.

Bi Mwanatumu alileta barua mbili.
Ya mwanawe, aliye Dammam mwaka wa sita,
alikataa isipite kwenye programu:
"Ataka sauti yangu, si ya karani."
*Ndoo, mwanangu. Hata kwa siku mbili.*
Ya pili ilikuwa ya ofisi ya maji:
bomba limekauka, twapata ndoo mbili kwa siku.
Hiyo nikanakili, nikabandika, nikachapa.
Sikusoma. Kosa ni langu.
Ofisi ikapokea:
*twapata njoo mbili kwa siku.*

Karani alicheka, nasikia. Mimi nilishindwa.
Niliziona zile njoo mbili,
moja ya asubuhi, moja ya magharibi,
zimebebwa kichwani hazimwagiki,
na bomba linajibu kwa hewa.

Ukuta hausaidii hapa.
Nyumba ni moja, mlango mmoja,
na ndani wanaishi wawili wasio ndugu.
Nikaongeza mstari wa kumi na mbili:
ukikuta neno la namna hii, simama, uniulize.
Sasa kazi inakwenda polepole, wateja wananung'unika.

Jana, katika barua yake ya tatu,
kisanduku kilifunguka katikati ya kioo
kuhusu sentensi hii:
*Wake wa mtaa wako kisimani, wateka.*
Wanachota? Au wanacheka?
Bonyeza moja. Bonyeza mbili.

Nikamgeukia Bi Mwanatumu, nikamsomea.
Akanitazama kama mtoto aliyeuliza
iwapo chumvi iko baharini.
"Kwani maji hutekwa kimya?"

Nimekaa, kidole hewani.
Kishale kinapepesa kati ya moja na mbili.
Printa imeshaanza kukohoa.